Klabu za Kujitolea, Vita Dhidi ya Polio na Sehemu Yetu Sisi Wakazi

Maelezo ya Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



 Najua huu ni msimu wa kupura alizeti na upepo wetu wa Singida haumngojei mtu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Ofisini kwetu hufika mara kwa mara swali moja: hawa watu wa klabu, wanaovaa fulana zenye gurudumu la dhahabu, au wale wenye nembo ya simba, ni akina nani na wanatafuta nini? Wapo wanaodhani ni dhehebu la dini. Wapo wanaodhani ni chama cha siasa kilichojificha. Na wapo, nao ndio wengi, wanaodhani ni wafadhili wenye gunia lisilo na mwisho, ambao kazi yetu kwao ni kupeleka barua na kusubiri. Dhana zote tatu hazina ukweli, na ile ya tatu ndiyo inayotugharimu zaidi.

Nianze na wenye gurudumu. Mnamo tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago nchini Marekani, mwanasheria aitwaye Paul Harris aliwaalika wenzake watatu wakutane. Kila mmoja alikuwa na kazi yake tofauti. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, juma lijalo katika ofisi ya yule, na kutokana na zamu hizo wakaiita klabu yao Rotary. Mwanzoni ilikuwa klabu ya urafiki na ya kusaidiana katika biashara, wala si zaidi ya hapo. Baada ya muda mfupi waliona kwamba urafiki wa watu wenye nafasi zao, usiomfaa mtu mwingine, hauna uzito. Wakatafuta kazi ya kuufaa mji wao. Ndugu zangu, kazi ya kwanza waliyoichagua ilikuwa choo cha umma. Kuanzia mwaka 1907 walishirikiana na wengine kuushawishi mji ujenge vyoo ambavyo mtu yeyote apitaye mjini angeweza kuvitumia. Naomba mkiweke akilini choo hicho, kwa sababu nitakirudia.

Wenye nembo ya simba ni Lions, walioanzishwa mwaka 1917, vilevile kwa juhudi zilizoanzia Chicago, na mfanyabiashara wa bima aitwaye Melvin Jones. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa haoni wala hasikii, alisimama mbele yao akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Walilipokea ombi hilo, na hadi leo huduma za macho ndizo kazi inayowatambulisha zaidi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki klabu hizi si wageni wa jana. Klabu ya Rotary ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1949, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Leo Rotary peke yake ina wanachama zaidi ya milioni moja duniani. Ni walimu, madaktari, wafanyabiashara, wahandisi, wastaafu. Hawalipwi. Wao ndio wanaolipa ada, na juu ya ada huchanga. Hawaruhusu klabu iwe jukwaa la chama wala la dhehebu, ingawa kila mwanachama ana imani yake na kura yake. Wanawake walikuwa wamefungiwa mlango kwa miongo mingi. Rotary iliufungua rasmi mwaka 1989, na kwa maoni yangu walichelewa mno.

Malengo yao yameandikwa wazi: kuendeleza amani, kupambana na maradhi, maji safi na usafi wa mazingira, afya ya mama na mtoto, elimu, uchumi wa jamii, na sasa kutunza mazingira. Orodha ya namna hiyo hata mimi naweza kuiandika nikiwa nimekaa mezani. Ubora wa klabu huonekana pale inapochagua jambo moja na kukaa nalo hadi mwisho, hata kama mwisho huo unachelewa. Ndiyo maana nataka tuzungumze kwa kirefu juu ya polio.

Wazee hapa wanaufahamu ugonjwa huu kuliko mimi. Kila mmoja wetu anamjua mtu mzima mmoja au wawili, fundi viatu au mshona nguo, anayetembea kwa magongo au kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye alizaliwa mzima kabisa. Mama yake atakusimulia: mtoto alilala na homa, asubuhi mguu haukunyanyuka. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, hukaa tumboni, na kwa baadhi ya watoto hufika kwenye mishipa ya fahamu. Katika kila maambukizi 200, takribani moja huishia kwenye kupooza kusikopona. Miongoni mwa wanaopooza, kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 hufariki kwa kushindwa kupumua. Dawa ya kuuponya haipo, ila kinga ipo. Hesabu hiyo ndiyo inayoufanya ugonjwa huu uwe mjanja: mtoto mmoja akipooza, wengine wengi wamekwisha kuubeba na kuueneza bila hata kuugua, na mama zao hawana habari.

Mwaka 1979 wana-Rotary walianza mradi wa kuwachanja watoto wapatao milioni 6 nchini Ufilipino. Mwaka 1985 wakajitwisha mzigo wa dunia nzima. Walikusudia kuchanga dola za Marekani milioni 120. Ilipofika mwaka 1988 walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 240. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na serikali za nchi mbalimbali ziliungana nao. Wakati huo polio ilikuwa ikiwapooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Leo kirusi asilia kimebaki kikizunguka katika nchi mbili tu, Afghanistan na Pakistan.

Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi asilia mwaka 1996, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa imeondokana nacho. Tarehe 25 Agosti 2020 bara zima la Afrika likapata uthibitisho huo. Fedha za klabu zilisaidia sana. Lakini miguu iliyotembea ilikuwa ya wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye kisanduku cha barafu begani na chaki mkononi ya kuandika mlangoni, na hilo lisisahauliwe tunapowashukuru wafadhili.

Laiti habari ingeishia hapo, nisingewasumbua jioni hii. Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja mjini Lilongwe amepooza kwa polio, na kirusi chake kilikuwa na asili ya Pakistan. Kutoka Pakistan hadi Lilongwe! Serikali yetu ilianza kuchanja katika mikoa inayopakana na Malawi, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, kisha ikaendelea nchi nzima. Ndipo timu zilipobisha hodi majumbani kwenu, na watoto wenu wakapakwa wino kwenye kidole.

Mwaka uliofuata, 2023, likatokea jambo la namna nyingine mkoani Rukwa. Hili nalieleza kwa uwazi, maana lisipoelezwa na sisi litaelezwa na wapotoshaji. Mtoto alipooza kwa kirusi kilichotokana na chanjo yenyewe. Matone ya mdomoni yana kirusi kilichodhoofishwa. Mtoto akiyapata, hukitoa kwa muda katika kinyesi. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, kirusi hicho hakipati pa kwenda na hufa. Mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, na kinyesi kinafika kwenye maji, huzunguka kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, na katika kuzunguka huko hubadilika na kurudia ukali. Kwa hiyo tatizo la Rukwa halikuwa watoto kuchanjwa. Lilitokana na wale walioachwa bila kuchanjwa, pamoja na uchafu. Na dawa yake ilikuwa kuwachanja wote waliobaki.

Mnaona sasa kwa nini niliwaomba mkiweke akilini kile choo cha Chicago. Kaya isiyo na choo katika kitongoji kimoja inaweza kuharibu kazi ya mamilioni ya dola zilizochangwa na watu ambao hawatafika Singida maisha yao yote. Kwetu sisi, ambao wakati wa kiangazi tunachota maji kwenye malambo na visima vya mchangani, mvua ya kwanza huosha kila kilichoachwa porini na kukishusha hapohapo tunapochota. Klabu inaweza kununua chanjo. Haiwezi kukuchimbia shimo nyuma ya nyumba yako.

Sasa niseme juu ya mlango. Katika kampeni zilizopita wapo wazazi waliowaficha watoto wao. Siwakebehi, mzazi anayeogopa anampenda mtoto wake. Hofu kubwa niliyoisikia ni kwamba matone yanaleta ugumba. Naomba tutazamane. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka 1975. Wengi tulio chini ya mwembe huu tulipata matone tukiwa wachanga, na watoto wanaokimbia huku na huko wakitupigia kelele ni wa kwetu. Ushahidi mkubwa zaidi ya huo sina.

Ratiba ni hii: matone anapozaliwa, kisha akifikisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na katika wiki hiyo ya 14 pia hupewa sindano ya polio. Timu za kampeni zikija, apewe tena hata kama kadi yake imejaa. Dozi ya ziada haimdhuru.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu, bila kuanguka wala kuumia, apelekwe zahanati siku hiyohiyo, au apewe taarifa mhudumu wa afya wa kitongoji. Sampuli mbili za choo chake zinatakiwa zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Tukimzungusha kwanza kwa waganga wa jadi kwa mwezi mzima, sampuli hazitatoa jibu la kuaminika, na kirusi kama kipo kitakuwa kimekwisha kuvuka hadi kijiji cha pili.

Nimalizie na wale wanaoniuliza: je, klabu hizi zinaweza kutusaidia kwa maji, au madawati, au vifaa vya zahanati? Zinaweza, ila si kwa barua ya kulia shida. Kwa miradi yao mikubwa Rotary hutaka klabu mbili za nchi mbili tofauti zishirikiane, na hutaka tathmini ya mahitaji iliyofanywa na jamii yenyewe. Watauliza: nani alisema hiki ndicho kipaumbele? Ardhi ni ya nani? Pampu ikiharibika, nani atainunulia spea? Tumeona visima vilivyofunguliwa kwa ngoma na leo mpini wake ni kiti cha kunguru, kwa sababu swali la mwisho halikuwa na jibu siku ya uzinduzi. Kwa hiyo kaeni kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, andikeni muhtasari, shirikisheni chombo chenu cha watumiaji maji na RUWASA kama jambo ni la maji, kisha pitisheni kwa Mtendaji wa Kata ili lifike kwa Mkurugenzi Mtendaji. Ombi lenye muhtasari na mchango wa wananchi, hata kama ni mawe na mchanga tu, huwa na nafasi kubwa kuliko lile lililoandikwa na mtu mmoja usiku.

Na vijana msifikiri kwamba huduma ni ya watu wa mjini wenye nembo. Wale wanne wa Chicago walianza bila nembo. Kikundi cha watu kumi kinachokubaliana kuhakikisha kila kaya ya kitongoji ina choo bora kabla ya masika, na kupita kukagua kila mwezi, kinafanya kazi ileile.

Nimeona mikono imenyooshwa, na mama aliye pale karibu na ukuta amenyoosha tangu nilipotaja wiki ya 14. Kama swali lako ni la mtoto aliyeruka dozi, jibu fupi ni kwamba haanzi upya, huendelea alipoishia. Jibu refu atakupa muuguzi wetu wa zahanati, ambaye amekuja na kisanduku chake na rejesta. Waliobeba kadi za kliniki wapange foleni kwake. Maswali ya vyoo na ya maombi ya miradi nitayapokea mimi pamoja na Mtendaji. Karibuni.