Kombe Lililotolewa Mvuani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi mlio katika vikosi, vituo na malindo, katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunaelekea kusini kabisa mwa bara letu. Afrika ya Kusini haipakani nasi kwa ardhi. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini mambo yake yalihesabiwa humu nchini kuwa mambo ya nyumbani. Wapigania uhuru wake waliishi Kongwa, Mazimbu na Dakawa, na wengine miongoni mwenu ni watoto wa askari waliowapokea. Kwa hiyo tukiitaja nchi hiyo tunataja jirani tuliyelia naye na kufurahi naye.

Leo hatutazungumza juu ya vita wala mikutano ya wakuu. Tutazungumza juu ya mchezo wa gofu. Pengine yupo atakayeuliza, gofu na askari wapi na wapi? Jibu si la mbali. Uwanja wa Lugalo, jijini Dar es Salaam, ni uwanja wa gofu ulio chini ya Jeshi lenu wenyewe, na askari na raia huucheza pamoja. Wanaoucheza wanajua kanuni yake kubwa: mshindi ni yule aliyetumia mipigo michache zaidi kuutia mpira katika mashimo yote. Mashindano makubwa huchezwa kwa siku nne, mashimo 18 kila siku, jumla mashimo 72. Mpira hauulizi kabila la mpigaji, na hesabu ya mipigo haina rangi.

Kanuni hiyo nyepesi ndiyo iliyoutia hofu utawala wa makaburu.

Katika jimbo la Natal, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, yalikuwapo mashindano ya wazi ya gofu yaliyojulikana kwa jina la jimbo hilo, Natal Open. Yalikuwa na heshima kubwa. Katika miaka ya 1930 aliyashinda kijana Bobby Locke, kabla hajaanza kucheza kwa malipo. Baadaye Locke alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara nne, mwaka 1949, 1950, 1952 na 1957. Baada ya Vita Kuu ya Pili akatokea Gary Player, naye akalitwaa kombe la Natal zaidi ya mara moja. Basi aliyeshinda Natal aliweza kwenda kucheza popote duniani bila kuona haya.

Mashindano hayo yaliitwa ya wazi, ndugu wasikilizaji. Yalikuwa wazi kwa nani? Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi. Sheria ya Huduma Tofauti ya mwaka 1953 iligawa mabenchi, fukwe, milango na vyoo. Katika viwanja vya gofu vya Wazungu, Mwafrika au Mhindi aliingia kwa kazi moja: kubeba mfuko wa fimbo za bwana, kazi ambayo wachezaji wanaiita ukedi.

Mmoja wa makedi hao alikuwa Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa. Alikuwa wa kizazi cha Wahindi walioanza kuletwa Natal mwaka 1860 kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Familia yake ilikuwa fukara, wala hakupata elimu ya shule. Alibeba fimbo katika uwanja wa Beachwood mjini Durban, akatazama, akajifundisha mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, aliishika fimbo kinyume cha watu wote: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Wataalamu walisema mtu anayeshika hivyo hawezi kucheza. Papwa akacheza.

Mfanyabiashara mmoja Mzungu wa Durban, Graham Wulff, alikiona kipaji hicho na hakukubali kikae gizani. Mwaka 1959 alimsaidia kwenda Ulaya. Mwaka huo huo Papwa, mtu asiyejua kusoma wala kuandika, alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Aliyashinda tena mwaka 1960, na mara ya tatu mwaka 1964. Tunamtaja Wulff kwa makusudi, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ubaguzi ulikuwa mfumo wa sheria na maslahi. Haukuwa ngozi ya mtu. Palikuwapo Wazungu walioukataa, na palikuwapo wengi zaidi walionyamaza.

Baada ya Uholanzi kumtambua, Natal ingemkataa kwa hoja gani? Mwaka 1963 alipewa kibali maalumu kushiriki mashindano ya wazi ya jimbo alimozaliwa. Yalifanyika katika uwanja wa Durban Country Club, ambao tangu ufunguliwe mwaka 1922 ulikuwa miongoni mwa viwanja bora vya nchi hiyo. Kibali kilimruhusu kukanyaga majani ya uwanja. Hakikumruhusu kukanyaga sakafu ya jumba la klabu. Wenzake walipoingia ndani kupumzika, yeye alibaki nje.

Papwa akashinda.

Kwa desturi kombe hutolewa kwa hafla ndani ya jumba. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, na jumba lilikuwa pale pale, na milango yake ilikuwa mizima. Lakini mshindi alikuwa Mhindi. Basi kombe likatolewa nje, na bingwa wa Natal akalipokea akilowa. Picha ya tukio hilo ilichapishwa katika magazeti ya nchi nyingi. Watu waliokuwa hawajawahi kusoma kifungu hata kimoja cha sheria za ubaguzi walizielewa zote kwa kuitazama picha moja.

Ndugu wasikilizaji, ukumbukeni mwaka huo ulivyokuwa. Miaka mitatu nyuma, tarehe 21 Machi 1960, polisi wa utawala huo walikuwa wamewaua watu 69 huko Sharpeville, watu waliokuwa wakipinga sheria ya pasi. Mwaka 1963 wenyewe ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini siku tisini bila kumfikisha mahakamani, na mwezi Julai viongozi wa mapambano walikamatwa Rivonia. Upande wetu, tarehe 25 Mei mwaka huo huo, nchi huru za Afrika ziliunda Umoja wao mjini Addis Ababa, na Kamati ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Kombe la mvuani lilikuwa tawi la mti ule ule uliozaa risasi za Sharpeville na pingu za Rivonia.

Mwaka 1965 Papwa alirudi na kulitwaa kombe la Natal mara ya pili. Safari hii miongoni mwa aliowaacha nyuma alikuwapo Gary Player. Player wa mwaka huo hakuwa mtu mdogo, kwa kuwa miezi michache baadaye alishinda mashindano ya wazi ya Marekani na kukamilisha mataji yote manne makuu ya gofu duniani. Kedi wa zamani asiyejua kusoma alikuwa amemtangulia mmoja wa wachezaji hodari kuliko wote ulimwenguni, katika nchi iliyojengwa juu ya dai kwamba jambo hilo haliwezekani.

Utawala ulijibu vipi? Haukuweza kumshinda kwa fimbo, ukamshinda kwa karatasi. Vibali vikakoma. Tangu mwaka 1966 akazuiwa kucheza katika mashindano ya Wazungu nchini mwake, na baadaye akanyimwa pasipoti ya kwenda kucheza nje. Mtu aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake akafungiwa mlango wa nyumbani na wa ugenini. Alifariki mwaka 1978 akiwa maskini. Mwaka huo huo, Mazimbu, mkoani Morogoro, ilianza shule ya watoto wa wapigania uhuru iliyopewa jina la Solomon Mahlangu.

Na mashindano yenyewe je? Yaliendelea bila yeye. Hapa pana jambo linalohitaji kuelezwa. Mwaka 1964 Afrika ya Kusini ilizuiwa kwenda kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa katika harakati za Olimpiki. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika hazikushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, aliikosa nafasi ambayo mwanariadha huipata mara chache katika maisha yake. Taifa zima lilijua uzito wa kafara ile.

Lakini gofu ilipita katika tundu la uzio. Mchezaji wa gofu wa kulipwa hafungwi na timu ya taifa. Hujiendea mwenyewe, hualikwa mwenyewe na hulipwa mwenyewe. Basi palipofungwa bendera, pakafunguliwa pochi. Mwisho wa mwaka 1981, huko Sun City, katika Bophuthatswana, nchi ya bandia ambayo hakuna taifa jingine duniani lililoitambua, walikusanywa wachezaji watano mashuhuri wagombee dola milioni moja. Johnny Miller wa Marekani aliondoka na nusu milioni. Umoja wa Mataifa ulikuwa tayari umeanza kuchapisha majina ya wanamichezo waliokwenda kucheza huko, ili kila mmoja ajulikane kwa jina lake.

Leo Natal Open haimo tena katika ratiba ya gofu ya kulipwa. Hata jimbo halina jina lile lile: tangu mwaka 1994, mwaka ambao wananchi wote wa nchi hiyo walipiga kura kwa mara ya kwanza, linaitwa KwaZulu-Natal. Mashindano hufa kwa sababu nyingi, na hatusemi kwamba mvua ya mwaka 1963 ndiyo iliyoyaua haya. Tunalosema ni kwamba mtu aliyekatazwa kuingia katika jumba amedumu kuliko kombe lililotolewa. Mjini Durban, ukingoni mwa mto Umgeni, upo uwanja wa gofu wenye jina la Papwa Sewgolum. Aliyekuwa akihitaji kibali kucheza, wengine sasa wanacheza chini ya jina lake.

Je, habari hii inamhusu nini askari aliye kwenye lindo lake usiku huu?

Inamhusu kwa sababu sheria haisimami mlangoni kwa miguu yake. Sheria huandikwa mezani, kisha hupewa mtu ailinde. Waliotunga sheria za ubaguzi walikuwa wachache, tena wengi wao hawakuonekana Durban siku ile. Utawala ule ulidumu kwa sababu kila mlango ulipata mtu wa kuufunga na kila kibali kilipata mtu wa kukikagua. Kila mmoja alijiambia kwamba yeye ametumwa tu. Ukiwakusanya wote hao waliotumwa tu, ndipo unapoupata utawala mzima wa makaburu.

Sisi hatuna sheria ya kugawa watu kwa rangi, nasi tuna haki ya kujivunia hilo. Lakini askari mwenye macho anajua kwamba mlango unaweza kufungwa bila sheria. Mwananchi aliyevaa kandambili hufika kituoni kutoa malalamiko, akaambiwa asubiri nje. Akifika mwenye gari, anapewa kiti. Mama hukaa juani siku nzima akitafuta habari za mwanawe aliyekamatwa, na hapati hata neno. Hakuna kifungu kilichoamuru hivyo. Ni mtu mmoja tu, aliyevaa sare ya Jamhuri, ameamua nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Saa hiyo, bila kujua, anagawa makombe mvuani.

Nidhamu ya askari ni kutii, na hakuna jeshi bila utii. Lakini nidhamu ya askari wa wananchi ni kutii huku akijua anachokilinda. Sare aliyoivaa imeshonwa kwa kodi ya yule wa kandambili na ya yule wa gari. Mbele ya sare hiyo wawili hao wanapaswa kuhesabiwa kama mipigo ya gofu inavyohesabiwa: kwa haki, bila kutazama mpigaji ni nani.

Ndugu wasikilizaji, historia imeyafunga mashindano ya Natal, lakini haijaifuta picha ya bingwa aliyelowa. Kesho asubuhi, kabla ya gwaride, kila mmoja wetu na ajiulize ni mlango gani amekabidhiwa, na ni nani amesimama nje yake mvuani.