Maana 645: Jinsi Kitenzi Kimoja cha Kiingereza Kilivyobebeshwa Mizigo



Anayeitwa kutoa mhadhara wa uprofesa hutarajiwa kuja na jambo zito. Mimi nimekuja na neno la herufi tatu ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua: "run". Mwalimu alimwambia ni kukimbia, naye akaandika kwenye daftari. Baadaye atakutana na Kiingereza ambamo mto, pua, soksi, kampuni, mgombea na kompyuta vyote vinatumia kitenzi hicho hicho, na hapo daftari halitamsaidia.

Mwaka 2011 iliandikwa katika gazeti la New York Times kwamba Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alikuwa amemaliza kukifumua na kukipanga upya kitenzi hiki. Kazi ilimchukua miezi tisa. Alipoweka kalamu chini, alikuwa amekigawa katika maana 645, na hapo nomino yake haijahesabiwa. Mwandishi wa makala ile, Simon Winchester, aliona kwamba neno limeendana na zama zetu za mashine na pilikapilika. Kabla ya hapo sifa ya neno lenye maana nyingi kuliko yote ilikuwa ya "set", ambalo katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, lilitajwa kuwa na maana 430.

Habari hiyo ilipokewa kama matokeo ya mechi: run 645, set 430. Ukweli ni kwamba mechi yenyewe haikuwa ya haki. Wahariri wa Oxford walipoanza kuchapisha toleo la tatu kwenye intaneti mwaka 2000, hawakuanzia A; walianzia M, wakasonga mbele. Kufikia 2011 walikuwa wamefika R. "Run" ilikuwa imepimwa kwa mizani mpya, ilhali "set", iliyo mbele kidogo katika alfabeti, ilikuwa bado na hesabu ya zamani. Mshindi alipatikana kwa mpangilio wa herufi.

Tukiacha mechi hiyo, kuna hesabu nyingine inayotia shaka zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwanasaikolojia George Miller na wenzake walianza katika miaka ya 1980 kujenga hazina ya maneno ya Kiingereza kwa ajili ya kompyuta, iitwayo WordNet. Humo, kitenzi "run" kina maana 41. Lugha ni ile ile na neno ni lile lile, lakini wataalamu hawa wamepata 41 na wale 645. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Wamekata kwa visu tofauti.

Ili tuelewe kisu cha Kamusi ya Oxford, twende kwenye banda la bati ambalo James Murray alilijenga uani kwake. Alikabidhiwa uhariri wa kamusi hiyo mwaka 1879, akatoa wito kwa wasomaji popote walipo: someni vitabu, nakilini sentensi kwenye vipande vya karatasi, nitumieni. Karatasi zilimiminika kwa mamilioni, hata watoto wake mwenyewe wakawa wanalipwa vijisenti kuzipanga. Lakini Murray alilalamika. Wasomaji walivutiwa na maneno ya ajabu, wakayapita ya kawaida. Neno "abusion", ambalo hakuna aliyelihitaji, lilikuwa na karatasi kama 50. "Abuse", linalotamkwa kila siku, hata tano hazikufika. Basi wahariri wenyewe walilazimika kurudi vitabuni kuyasaka maneno ambayo kila mtu anayajua.

Sasa mhariri anazo karatasi zake mezani. Hii inasema mto una-run, hii inasema pua ina-run. Ni fungu moja au mawili? Vyote ni kimiminika kinachotoka mahali kwenda mahali, kwa hiyo fungu moja. Lakini mto unafanya hivyo daima na pua ni kwa sababu ya mafua, kwa hiyo mawili. Na rangi ya nguo inayochuja kwenye beseni? Na siagi inayoyeyuka? Kila "lakini" inazaa fungu. Mwanaisimu Charles Ruhl, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alishikilia kwamba neno la namna hii lina maana moja pana, na mengine yote tunayapata kutokana na muktadha. Adam Kilgarriff, Mwingereza aliyetumia maisha yake katika kamusi na kompyuta, alichapisha mwaka 1997 makala ambayo jina lake tu lilitangaza kwamba haziamini maana za maneno kama vitu vinavyohesabika. Ninakubaliana nao nusu. Idadi ni ya mkataji, hilo sina ubishi. Ila hata ukikata kwa kisu butu, "run" inabaki na kazi nyingi mno kwa neno moja, na wingi huo wa kazi una sababu. Sababu hiyo, kwa maoni yangu, inaonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka kwenye Kiswahili.

Sisi tuna mnyambuliko. Mtu analala, mama anamlaza mtoto. Mti unaanguka, mkata kuni anauangusha. Mgeni anaketi, mwenyeji anamketisha. Kiambishi kidogo cha kutendesha kinatuambia nani anafanya na nani anafanyishwa. Wengi wanadhani Kiingereza hakijawahi kuwa na kitu kama hicho. Kilikuwa nacho. Lugha za Kigermanik za kale, ambazo Kiingereza ni mtoto wao, zilikuwa na kiambishi cha kutendesha, nacho kilibadilisha irabu ya mzizi. Mabaki yake yako wazi mpaka leo: "lie" ni lala na "lay" ni laza, "fall" ni anguka na "fell" ni angusha, hasa mti, "sit" ni keti, na kile cha ketisha ni, naam, "set". Bingwa wa zamani wa maana nyingi alizaliwa akiwa kauli ya kutendesha.

Na bingwa mpya? Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja, "rinnan", ambacho mara nyingi kiliandikwa "irnan" au "yrnan", kilikuwa cha kwenda mwenyewe: maji kutiririka, mtu kukimbia. Kingine, "ærnan", kilikuwa cha kutendesha, kama mtu anapomkimbiza farasi. Waskandinavia walioingia Uingereza walikuja na jozi yao inayofanana na hiyo, "rinna" na "renna". Kijerumani cha leo bado kinatofautisha "rinnen" ya maji na "rennen" ya miguu. Kiingereza kilipokuwa kinapukutisha viambishi vyake katika Zama za Kati, vitenzi hivi viliyeyukiana vikawa umbo moja. Tangu hapo anayekimbia, kinachotiririka na anayekiendesha kitu vimekaa chumba kimoja, bila ukuta.

Kazi ambayo sisi tunaigawia kimbia, kimbiza, kimbilia, enda na endesha, Mwingereza aliibebesha silabi moja. Wateja wakiingiwa na hofu wakaenda wote kwa mkupuo kutoa fedha zao, kama walivyopanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock, Uingereza, mnamo Septemba 2007, yeye husema kuna "run" kwenye benki. Sisi tunasema wameikimbilia benki, na kiambishi cha kutendea kimeshamaliza maelezo.

Halafu zikaja mashine. Hapa Winchester ana haki yake, ingawa magari ya farasi na meli tayari zilikuwa "zina-run" kabla ya mvuke. Tarehe 15 Septemba 1830 ilifunguliwa reli ya Liverpool hadi Manchester. Njiani, karibu na Newton, msafara ulisimama injini ipate maji. William Huskisson, mbunge wa Liverpool, akashuka kwenye behewa akaenda kumsalimu Waziri Mkuu, Mtawala wa Wellington. Kwenye njia ya pili ikatokea injini ya Rocket. Wengine walikwepa, Huskisson akababaika, akaushika mlango wa behewa, mlango ukafunguka ukamning'iniza mbele ya injini. Alifariki jioni ile. Mwingereza akisimulia mkasa huu anaweza kutumia "run" kwa treni kufanya safari kati ya miji miwili, kwa injini kuwaka, kwa watu kutimua mbio, kwa mbunge kugongwa, kwa damu kumtoka, na kesho yake kwa gazeti kuichapisha habari. Hakuna msikilizaji atakayechanganyikiwa, kwa sababu kila mara nomino iliyo jirani inamwongoza.

Nyakati nyingine maana huondoka kabisa nyumbani. Katika kriketi, "run" ni alama, nayo ilitokana na wapigaji kukimbia kati ya vijiti, umbali wa yadi 22. Lakini mpira ukiviringika hadi kwenye mpaka wa uwanja mpigaji hupewa "run" nne, na hakuna haja ya mtu kuinua mguu. Katika siasa hata Waingereza na Wamarekani wameachana: Mmarekani "hukimbia" kuutafuta urais, Mwingereza "husimama" kuutafuta ubunge. Sisi tunaposema chama kimemsimamisha mgombea, tuko upande wa Waingereza.

Nisije nikaonekana ninajisifia lugha yangu. Endesha yetu nayo inanenepa. Zamani ilikuwa kukifanya kitu kiende. Leo tunaendesha gari, kampuni, kesi, semina, kipindi cha redio na programu ya kompyuta. Na kuna tumbo la kuendesha. Nalo, kwa sadfa iliyonichekesha nilipoigundua, Mwingereza wa mtaani huliita "the runs". Piga je? Tunapiga simu, picha, pasi, kura, magoti, mbizi na hodi, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mnyambuliko unapunguza mzigo wa mzizi, hauufuti.

Nimalizie na kazi ya mikono. Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili zina mazoea ya kuorodhesha visawe kwa namba: 1 kimbia, 2 enda, 3 endesha, 4 tiririka, 5 gombea. Mwanafunzi huchukua cha kwanza, na ndiyo maana tunasoma tafsiri ambamo mtu anakimbia hoteli, kana kwamba anadaiwa. Kama kinachoamua maana ni nomino jirani, basi kidahizo kipangwe kwa nomino hizo. Iandikwe bomba: linatoka maji. Rangi: inachuja. Mkataba: unadumu. Soksi: imefumuka. Mafuta ya gari, pakiwa na "out": yamekwisha. Hoteli: anaiendesha. Kurasa zitaongezeka na mchapishaji atanung'unika. Kimbia nayo ipewe mstari wake, chini kabisa, kwa kuwa hakuna anayefungua kamusi kuitafuta hiyo.