Tikiti ya Kufungulia Daftari
(Hotuba kwa makatibu wa vyama, Chimwaga, Dodoma)



Ofisi inayotumia neno la siri moja kwa watumishi wote haina ushahidi: kilo za zabibu zikibadilishwa daftarini, haijulikani ni mkono wa nani. Mfumo wa Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980, humtaka kila mtumishi awe na neno lake, nalo halipiti katika waya. Kompyuta ya ulinzi humpa tikiti ya muda, ndiyo aionyeshayo penye mafaili. Saa zikipishana zaidi ya dakika tano, kwa kawaida tikiti hukataliwa. Na kompyuta kuukuu yenye betri iliyokufa husahau saa kila umeme ukatikapo. Tena, tikiti humtambulisha mtu tu. Kuyafumba maandishi yakiwa njiani huagizwa kwa amri ya pili. Fundi aulizwe kama ameitoa.