Michezo Hii Ituchezee na Sisi



Leo sikuja kudai ada. Nimekuja kuwasihi kwamba michezo ya kuigiza isiachiwe watoto wa shule peke yao.

Uko “Mstahiki Meya” wa Timothy Arege, uliotoka mwaka 2009. Mji wa Cheneo hospitali yake haina dawa, na Meya hajali kilio cha wafanyakazi. Uko “Kigogo” wa Pauline Kea, wa mwaka 2016. Mtawala Majoka anafunga soko la Chapakazi. Tunu na Sudi wanasimama na wanyonge. Wanafunzi wa sekondari Kenya waliisoma yote miwili kwa ajili ya mtihani.

Najua wako watakaonong'ona: “Michezo hii inawasema viongozi, chama kitaionyeshaje?” Ndugu zangu, ndiyo sababu naitaka. Kioo hakimtukani mwenye uso. Kiongozi akiketi kati ya wanachama, akasikia wanapocheka na wanaponyamaza, atajua alipokosea kabla hawajamkimbia.

Basi kila tawi lichague mchezo mmoja, lifanye mazoezi, liwaite wananchi. Na viti vya mbele tuvikalie sisi viongozi.