Pima Kwanza, Nunua Baadaye

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa magari mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kiplombe. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili na wale ambao hawakufika wapate faida.)



Nimeombwa nizungumze juu ya gari kuukuu linalokataa kuwaka, hasa pale ambapo kila mtu barabarani anasema, "Hiyo ni pampu ya petroli tu." Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Kulikuwa na kikundi cha maziwa kilichokuwa na pikapu ya petroli ya miaka ya 1990, yenye injekta. Asubuhi moja ya mvua ikazimika njiani, mikebe imejaa nyuma. Nikaitwa. Nikapiga stata: injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikaweka sikio kwenye tanki: kimya. Hapo hapo nikasema, "Pampu imekufa."

Mweka hazina akafungua kisanduku. Pesa zile zilikuwa zamu ya mama mmoja, anunue ndama. Zikanunua pampu. Nikaifunga, gari likawaka, nikalipwa, nikashukuriwa sana. Siku ya kumi na mbili likazimika tena vile vile, na maziwa ya siku hiyo yakaharibika.

Safari hii niliona haya, nikapima. Pampu mpya ilikuwa nzima. Na ile ya zamani pia ilikuwa nzima! Ubovu ulikuwa kwenye boliti moja ndogo chini ya gari, pale waya unaporudisha umeme kwenye bodi. Matope na maji vilikuwa vimeila kwa kutu. Mara ya kwanza, nilipokuwa nikifunga pampu, niliutikisa waya ule bila kujua, kutu ikashikana kwa siku chache. Basi nikadhani nimetengeneza.

Nilirudisha ujira wangu. Lakini pesa za pampu hazikurudi, maana kifaa cha umeme kikishafungwa, dukani hawakipokei tena. Mama yule alingoja zamu nyingine. Ndiyo sababu nasimama hapa leo.

Umeme unapita wapi

Pampu ya magari haya inakaa ndani ya tanki. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, halafu kwenye rilei, ndiyo swichi inayowashwa na umeme mdogo. Kisha hufuata waya mrefu mpaka kwenye tanki, ukaingia kwenye pampu. Ukishafanya kazi ni lazima urudi, kupitia waya wa bodi. Njia ikikatika mahali popote, pampu itanyamaza. Kwa hiyo pampu kunyamaza si ushahidi kwamba pampu imekufa. Mtu asiyepata chakula hafanyi kazi, lakini si mgonjwa.

Tena jueni kwamba kompyuta ya gari hukata umeme wa pampu ikiona injini haizunguki. Imewekwa hivyo kwa usalama, ili ajali ikitokea petroli isiendelee kumwagika. Kwa hiyo magari mengi yakiwashwa ufunguo huvuma kama sekunde mbili, kisha hunyamaza mpaka upige stata. Na Toyota nyingi za zamani hazivumi kabisa mpaka stata izunguke. Usione kimya hicho ukasema ni ubovu.

Fuata njia hatua kwa hatua

Kwanza, usalama. Fanyeni kazi nje, penye hewa. Hakuna sigara, hakuna jiko, watoto wakae mbali. Msifungue tanki wala mpira wa petroli, kwa kuwa ndani mna nguvu ya kurusha mafuta. Sisi wa njia hii ya Nakuru hatujasahau Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipowaka na watu zaidi ya mia moja wakafa. Petroli haina rafiki.

Pili, sikilizeni. Mmoja apige stata, mwingine asikilize karibu na tanki. Pampu ikivuma, umeme unafika, ingawa pengine haba. Ikiwa kimya, pigeni chini ya tanki polepole kwa ngumi wakati stata inazunguka. Gari likiwaka kwa kupigwa hivyo, huenda kaboni za mota zimekwisha na pampu inazeeka kweli. Lakini msikate shauri bado, kwa sababu kupiga hutikisa waya pia. Mimi nilidanganywa na kutikisika.

Tatu, angalieni moto wa plagi. Kama hakuna moto wa plagi na pampu pia iko kimya, tafuteni mahali ambapo vyote viwili vinapata umeme, au ile sensa inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Pampu peke yake haiwezi kuzima plagi.

Nne, fyuzi. Itoeni, itazameni kwenye mwanga. Ikiwa imekatika, wekeni nyingine ya ampea zile zile. Nawasihi, msiweke waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Mpya ikikatika tena, kuna waya unaogusa bodi au pampu inavuta umeme mwingi kupita kiasi.

Tano, rilei. Wekeni kidole juu yake wakati wa kupiga stata, mtasikia inagonga. Ikiwa kimya, badilishaneni na rilei nyingine ya gari hilo hilo, mathalani ya honi, mradi namba na miguu iwe sawa. Hamtatumia hata shilingi moja. Ikiwa gari linashika wakati wa stata tu na kuzimika ukiachia ufunguo, ishukuni sana njia hii ya rilei. Na kama linakataa likianikwa juani, halafu linakubali jioni, huenda risasi ndani ya rilei imepasuka. Honda nyingi za miaka ya 1990 zina ugonjwa huo.

Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake mna matundu yenye alama +B na FP. Ukiyaunganisha hayo mawili kwa waya mfupi, ufunguo ukiwa umewashwa, pampu inatakiwa kuvuma. Ikivuma, pampu ni nzima na ubovu uko kwenye rilei au kinachoiamuru. Msiguse matundu mengine.

Balbu ya breki haidanganyi

Hatua ya sita ndiyo ingeokoa ndama wa yule mama. Tafuteni soketi ya waya za pampu, ile ya nje ya tanki. Ufunguo ukiwa umezimwa, itenganisheni. Chukueni balbu ya breki ya wati 21 yenye waya mbili, muifunge barabara kwenye waya za upande wa gari, mbali na tanki. Sasa mmoja apige stata.

Balbu ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzuri. Sasa mna haki ya kuishuku pampu. Ikiwaka hafifu au isiwake, msinunue pampu. Toeni mguu wa balbu ulio kwenye waya wa bodi, muuguse kwenye chuma kisafi cha bodi. Ikiwaka sana, mmempata mwizi: ni waya wa bodi. Fungueni boliti yake, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni, pakeni grisi juu. Ikiwa bado hafifu, rudini nyuma kuelekea rilei na fyuzi.

Vijana wataniuliza, "Fundi, kwa nini usitumie mita?" Mita ni nzuri, lakini ina mtego. Waya ukibakia uzi mmoja tu, mita itasoma volti 12 bila wasiwasi, kwa sababu yenyewe haivuti umeme wa maana. Ni kama bomba la maji lililobanwa. Ukifunga mfereji, nguvu ipo; ukifungua, yanadondoka tu. Pampu huvuta kama ampea 4 au zaidi. Kutu yenye kizuizi cha ohm 1 tu, ampea 4 zikipita, inakula volti 4. Mwenye mita apime pampu ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi, na ikikosa zaidi ya volti moja kulinganisha na betri, atafute zinapopotelea.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: "Sisi hatujui umeme. Tutamjuaje fundi anayetudanganya?"

Mama, si kila fundi anayekosea anadanganya. Mimi sikudanganya, nilikuwa na haraka. Lakini kabla ya mweka hazina kufungua kisanduku, muulizeni fundi mambo matatu: Je, umepima umeme kwenye soketi ya pampu, na balbu iliwaka namna gani? Je, umepima waya wa bodi? Kitu gani kinakuonyesha kwamba pampu yenyewe ndiyo mbovu? Asipokuwa na jibu, mwambieni kwa heshima apime kwanza, nanyi msimame pale mkiona. Fundi mzuri hatakasirika.

Mzee mwingine aliuliza kwa nini pampu zetu hufa mapema. Mzee, petroli ndiyo inayoipoza pampu. Tukiweka kidogo kidogo kila siku, taa ya tanki inawaka mwaka mzima, pampu inafanya kazi kwa joto. Jaribuni kuwa na robo tanki daima. Na mvua zikiisha, mtu aingie chini ya gari, aoshe matope na kukagua boliti za waya.

Mwisho, wekeni daftari la gari. Andikeni tarehe, ubovu, kilichopimwa, kilichonunuliwa. Na spea ya zamani isitupwe siku hiyo hiyo. Ikaeni nayo mwezi mmoja. Ile pampu niliyoitoa, niliirudisha kwenye pikapu ile, na ilikuwa bado inafanya kazi siku kikundi kilipoiuza. Ile mpya ilibaki rafuni, na kila nilipoiona nilimkumbuka yule mama.

Sasa twendeni nje, kuna gari pale na balbu ninayo mfukoni. Nataka mama wa kwanza aje aishike.