Tazama Juu Kabla ya Kuinua Ngazi



Nataka kusema nanyi maneno machache juu ya nyaya za stima zipitazo karibu na nyumba na mashamba yetu. Zamani nyaya hizo zilikuwa hasa za mijini. Lakini mpango wa Serikali ulioanzishwa mwaka 2015 umezifikisha hata katika boma nyingi za vijijini. Jambo hilo ni jema, ila linataka uangalifu.

Stima iingiayo nyumbani ina nguvu ya volti 240, nayo yatosha kumwua mtu. Nyaya ziendazo kwenye transfoma huwa na volti 11,000 au 33,000, na kwa kawaida hazikuvikwa mpira. Kwa nyaya hizo si lazima mtu aguse: kitu kikisogezwa karibu mno, stima yaweza kuruka hewani na kukifikia.

Huenda mtu akauliza, "Mbona ndege hutua juu ya waya asidhurike?" Jawabu ni hili: stima hutafuta njia ya kushuka ardhini. Ndege ameshika waya mmoja tu, wala hagusi ardhi. Lakini mtu asimamaye chini na bomba la chuma mkononi amejifanya mwenyewe kuwa njia hiyo. Hata ufito wa mti, ukiwa mbichi au umelowa, hupitisha stima.

Basi, kabla ya kuezeka mabati, kusimamisha mlingoti wa televisheni, au kuangua maparachichi kwa ngoe, tazameni juu kwanza. Ngazi ndefu ichukuliwe na watu wawili, ikiwa imelazwa. Vitu vyote virefu vikae mbali na nyaya, kwa uchache mita 3. Mti uliokaribia nyaya msiukate wenyewe; waiteni mafundi wa kampuni ya umeme.

Waya ukianguka, uhesabuni kuwa ungali na stima. Kaeni mbali mita 10 au zaidi, wazuieni watoto, na mpige simu kwa Kenya Power, nambari 97771. Na mtu akinaswa, msimshike, wala msimsukume kwa fimbo, mpaka stima imekatwa. Najua ni vigumu kusimama tu huku ndugu yako ameanguka; lakini amshikaye huanguka kando yake, na boma moja likapata misiba miwili.

Kutazama juu hakuna gharama hata ya senti moja. Majuto ni mjukuu.