Maneno ya Mwenyekiti: Majani ya Migomba badala ya Maboksi



Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Lakini chakula cha hotelini bado kinapanda bodaboda ndani ya yale maboksi meupe mepesi, na mvua ikinyesha tunayakuta mitaroni, yako safarini kwenda ziwani.

Ndiyo maana tumekubaliana faida ya mwaka huu isigawanywe yote. Sehemu ianzishe kazi ya vifungashio vya majani ya migomba. Wenzetu wa Bukoba wanafunikia ndizi jikoni kwa majani hayo tangu zamani. Jani likipitishwa juu ya moto linalegea, ukilikunja halipasuki. Tumejaribu: sato wa kukaanga, chapati, sambusa, safi kabisa. Mchuzi unavuja, tusidanganyane. Huo mteja alete chombo chake.

Wapo wanaosema fedha ya sanduku isichezewe. Wana haki. Hisa ya mtu haitaguswa, ni faida tu. Na wenye hoteli wanauliza bei kwanza, ziwa baadaye!

Majani yaliyotumika yarudi kwetu yaoze shimoni, yawe mboji ya mchicha.

Mwenye mgomba uani aandikishe jina kwa katibu leo, kabla ya pilau.